Kanisa na Gereza

Wasafiri ni wa namna mbili. Wako waendao ugenini kwa gari la kukodi, wakashushwa mlangoni pa jengo walilolisoma vitabuni, wakalitazama, wakalipiga picha, wakarudi walikotoka. Na wako waendao kwa basi la wenyeji, wakalingoja juani, wakabanwa na vikapu vya watu, wakashushwa mbali na wanakokwenda na kuimaliza njia kwa miguu. Wa kwanza huliona jengo. Wa pili huliona jengo pamoja na yaliyo kabla yake na yaliyo baada yake, nayo aghalabu ndiyo yenye maana ya jengo. Mimi ni katika kundi la pili kwa sababu mbili: mfuko wa mwalimu si mzito, na sikio la mwalimu wa lugha haliwezi kufanya kazi yake ndani ya gari lenye abiria mmoja.

Nataka kusimulia habari za makanisa ya kale ya Goa, katika pwani ya magharibi ya India, kama nilivyoyaona kwa mabasi ya nchi ile katika majuma machache niliyokaa mji wa Panjim. Nilikwenda huko kusoma nyaraka. Katika hifadhi ya nyaraka za historia ya Goa zimo barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, nazo ni miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya zamani kabisa yaliyosalia duniani. Jambo hili peke yake latosha kumfikirisha mwanafunzi wa Kiswahili: barua kongwe za lugha yake hazimo Kilwa, wala Lamu, wala Mombasa, zimo ng'ambo ya bahari, katika makabati ya dola iliyotupiga mizinga. Siku za kazi nilisoma barua. Jumamosi na Jumapili, hifadhi ilipofungwa, nilipanda basi kutafuta makanisa. Na kadiri siku zilivyopita ndivyo nilivyozidi kuona kwamba kazi zile mbili ni kazi moja.

Mreno Afonso de Albuquerque aliitwaa Goa kutoka kwa watawala wa Bijapur mwaka 1510. Tangu hapo hadi Desemba 1961, India ilipoichukua, bendera ya Ureno ilipepea huko. Goa ndiko alikokaa makamu wa mfalme wa Ureno, na amri zake zilifika Msumbiji, Hormuz, Malacca na Mombasa. Ngome ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilikuwa tawi. Shina lilikuwa Goa. Mimi nilizaliwa Mombasa, na utotoni nilicheza chini ya kuta zile bila ya kuuliza nani alizijenga wala kwa amri ya nani. Mtu aliyekulia kivulini mwa tawi hutamani siku moja kuliona shina.

Basi la kwenda Old Goa, yaani Goa ya Kale, huanzia kituo kikuu cha Panjim. Mbele ya dereva pana picha ya Bikira Maria au ya Ganesha, na mara nyingine zote mbili, zimevikwa maua ya manjano. Kondakta husimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Noti za rupia amezikunja kwa urefu na kuzibana kati ya vidole. Huita majina ya vituo upesi upesi kama mwalimu aitaye majina ya wanafunzi, kisha hupiga ubavu wa gari kwa kiganja ili dereva aondoke. Mtu wa Mombasa hahitaji mkalimani wa kazi hii. Safari ni ya kilomita 10 hivi, na nauli yake haishindi bei ya kikombe cha chai.

Njia ipitayo Ribandar huenda juu ya tuta la mawe lipatalo kilomita 3, upande mmoja maji ya mto Mandovi na upande wa pili mashamba ya chumvi. Tuta hili lilijengwa katika miaka ya 1633 na 1634 kwa amri ya makamu wa mfalme, mtawala mdogo wa Linhares, na mpaka leo laitwa kwa jina lake. Abiria wenzangu walilipita wakisinzia. Mimi sikuweza kusinzia, kwa kuwa Linhares huyo ndiye aliyepeleka merikebu za vita kutoka Goa, zikafika Mombasa mwanzoni mwa mwaka 1632, kuzima uasi nitakaoueleza mbele. Merikebu zake zilirudi bila ya ushindi. Tuta lake bado lavusha watu kwenda sokoni. Ni ajabu ya historia kwamba mkono mmoja hufanya kazi mbili, na ile iliyokusudiwa kuwa kubwa ndiyo isahauliwayo.

Siku moja basi lilipolikaribia kanisa jeupe la kijiji, kondakta aliita, “Igorz! Igorz!” Wanawake wawili wenye miavuli wakashuka. Nikalirudia neno lile kinywani mwangu, nikalipunguza kichwa na kuliongeza mkia, kama afanyavyo mwalimu wa lugha asiyejua kupumzika, na kwa sauti ndogo nikasema, “Gereza.”

Mzee aliyeketi kando yangu, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri na fimbo kati ya magoti, akageuka kunitazama.

“Nani amefungwa?” akauliza, kwa Kiswahili.

Nilishtuka, nikacheka, kisha nikakumbuka adabu. “Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Miaka mingi sijapata mtu wa kunipa neno hilo.”

Akanieleza kuwa alizaliwa Mombasa, babake akiwa karani, na yeye mwenyewe alikuwa karani wa reli mpaka mwanzo wa miaka ya 1970, alipokuja kukaa katika kijiji cha wazee wake. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani na safi, kama nguo ya arusi iliyotunzwa sandukuni. Nikamwambia nililolisikia kwa kondakta.

“Wareno walisema igreja,” akasema. “Sisi kwa Kikonkani twasema igorz. Ni kanisa.”

“Nasi tukasema gereza,” nikamjibu.

Mzee akanyamaza kidogo. “Lakini gereza ni jela. Nilipokuwa mtoto niliwaona wafungwa wakiingizwa Ngomeni. Basi Wareno walitupa sisi kanisa, nyinyi wakawapa jela?”

“Sidhani kama walitupa, mzee. Nadhani tuliliita kwa vile tulivyoliona.”

Akatikisa kichwa polepole, akanionyesha kwa fimbo mnara wa kanisa lingine lililokuwa mbele yetu. “Hilo ndilo letu. Mababu zangu ndio waliobeba mawe yake, wala hawakuulizwa kama wanataka. Lakini mimi nimeoa humo, na mke wangu amezikwa kando yake. Wewe ni mwalimu. Niambie, kanisa hilo ni la nani?”

Kondakta akaita kituo. Mzee akainuka, akanipa mkono, akashuka bila ya kungoja jibu.

Wataalamu wengi wa asili ya maneno wanakubali kwamba gereza la Kiswahili latokana na igreja ya Kireno. Kireno kimetuachia maneno mengi ambayo hatuyaoni tena kuwa mageni: meza, bendera, leso, karata, mvinyo. Hayo yalikuja na vitu vyake, yakakaa na vitu vyake. Meza ilikuwa meza, na ni meza hata leo. Gereza peke yake liliacha kitu chake njiani. Neno la nyumba ya ibada tulikuwa nalo tayari kutoka kwa Waarabu, nalo ni kanisa. Neno la Wareno likashika kitu ambacho mtu wa pwani alikiona hasa aliposimama nje ya kuta: ukuta mnene, lango zito, mizinga juu, na ndani yake, pamoja na askari na baruti, nyumba ya sala. Kwake yeye vitu hivyo havikuwa vinne, vilikuwa kimoja. Neno likawa jina la ngome, kama Gereza la Kilwa Kisiwani lijulikanavyo mpaka leo, na kutoka kwenye ngome likawa jina la mahali pa kufungia watu. Waingereza walipoifanya Ngome ya Mombasa jela, tangu 1895 hadi 1958, hawakulipa neno maana mpya. Walilikuta limekwisha kuiva.

Baada ya siku ile sikulitazama kanisa lolote la Goa bila ya kujiuliza maswali mawili: hili ni kanisa kwa nani, na ni gereza kwa nani?

Goa ya Kale ilikuwa mji mkubwa, mashuhuri kwa utajiri, kisha maradhi yakaula. Kipindupindu na malaria viliwafukuza watu, na mwaka 1843 Panjim ikafanywa rasmi kuwa makao makuu. Nyumba za watu zikaanguka, zikawa misitu ya minazi. Makanisa yakabaki yamesimama peke yake kama meno ya mzee. Basi hukushusha kwenye mzunguko wa barabara, na hatua chache ukiwa kwa miguu umo kati ya majengo ambayo UNESCO iliyaingiza katika urithi wa dunia mwaka 1986.

Kanisa Kuu, liitwalo Sé, lilianzwa mwaka 1562, na ujenzi wake ukachukua zaidi ya nusu karne. Lilikuwa na minara miwili mbele. Mmoja ulianguka mwaka 1776 wala haukujengwa tena, hata uso wa kanisa umekuwa kama wa mtu aliyefumba jicho moja. Limewekwa wakfu kwa jina la Mtakatifu Katherina, kwa kuwa Albuquerque aliutwaa mji katika sikukuu yake. Basi jengo hilo ni sala, na papo hapo ni shukrani ya mshindi juu ya aliyeshindwa. Karibu nalo ilikuwapo nyumba ya baraza la kuhukumu imani, lililoanzishwa Goa mwaka 1560 na kufutwa mwaka 1812. Nyumba hiyo haipo tena. Sala imebaki na jela imeondoka, na mgeni asiyejua hudhani kuwa sala ilikuwa peke yake siku zote.

Upande wa pili wa barabara ndiko liliko Basilika la Bom Jesus, lililoanzwa mwaka 1594 na kuwekwa wakfu mwaka 1605. Humo umo mwili wa Francis Xavier, Mjesuiti aliyefariki mwaka 1552 katika kisiwa cha pwani ya China. Mahujaji huja kwa mabasi kutoka pande zote za India, Wakristo na wasio Wakristo, hupanga foleni, hunyanyua macho kulitazama sanduku la fedha lililofuliwa na mafundi wa Goa. Mimi nilimkumbuka Xavier wa Malindi. Katika safari yake ya kwenda India alitia nanga huko mwaka 1542, na katika barua yake ya mwaka huo alisimulia jinsi Mwislamu mmoja mwenye heshima alivyomlalamikia kuwa ibada imepoa mjini: kwamba katika misikiti 17 ni 3 tu iliyokuwa ikiendewa na watu. Nimependa daima habari hii. Watu wawili wa dini mbili, kabla ya damu nyingi iliyofuata, wamekaa pwani kuzungumza juu ya uvivu wa waumini kama majirani wawili wazungumzavyo juu ya uchache wa mvua.

Sanduku lile limekaa juu ya kaburi la marumaru, zawadi ya Cosimo wa Tatu, mtawala wa Toscana, lililochongwa Florence na kusimamishwa hapo mwaka 1698. Mwaka huo ni wetu pia. Desemba 1698 Ngome ya Mombasa iliangukia mikononi mwa Waomani baada ya kuzingirwa miezi 33, wengi wa waliokuwamo wakiwa wamekufa kwa njaa na maradhi. Shina lilikuwa likijipamba kwa marumaru, na tawi lilikuwa likikatika. Siwalaumu mafundi waliopanga mawe yale; nasema tu kwamba asomaye jiwe moja bila ya lingine amesoma nusu ya ukurasa.

Kuta za Bom Jesus ni za jiwe jekundu la nchi ile. Jiwe hilo hukatwa ardhini likiwa laini, kisha hukazwa na hewa likawa gumu; ndivyo yalivyo na matumbawe yetu, ambayo wajenzi wa Gedi na Kilwa waliyachonga yangali laini. Lakini jiwe la Goa halipendi mvua nyingi, na kwa hiyo wazee walilivika lipu ya chokaa. Katikati ya karne ya 20 lipu ya nje ya Bom Jesus iliondolewa, na kanisa likaonekana jekundu na la kale zaidi kuliko lilivyokuwa katika ujana wake. Tangu hapo mvua zinyeshazo kuanzia Juni zalila polepole. Ni fundisho kwa sisi watu wa historia: kuna kuvua nguo kunakofanywa kwa kupenda ukweli, na kuna kuvua nguo kunakofanywa kwa kupenda sura ya ukweli.

Msafiri wa gari la kukodi angerudi hapo. Basi la Ponda, hata hivyo, haliishii Goa ya Kale. Huendelea, huvuka mto, huingia vilimani kwenye mashamba ya mipopoo, na baada ya kilomita chache hukushusha Mangueshi, penye hekalu la Wahindu. Wazee wa hekalu wanasimulia, na vitabu vya historia vyakubali, kwamba hapo sipo mahali pake pa asili. Hekalu la kwanza lilikuwa Kushasthali, pajulikanapo leo kwa jina la Cortalim. Amri za kuvunja mahekalu zilipokaribia, mwaka 1560, waumini walilichukua jiwe la mungu wao, wakavuka mto, wakalihamishia Priol, nje ya mamlaka ya Wareno. Nilivua viatu, nikatazama. Mbele pana mnara wa taa wa ghorofa saba, mweupe. Na katika kuba la hekalu na vizuizi vya madirisha yake nikaona mkono wa mafundi waliozoea kujenga makanisa. Watu waliokimbia kanisa walibeba imani yao, na vizazi vyao vikaijengea nyumba yenye kitu cha kanisa ndani yake. Kwa nauli ya rupia chache nilikuwa nimepita njia ya wakimbizi, na kondakta aliita majina ya pande zote mbili kwa sauti ile ile.

Sasa nifike mahali palipokuwa pazito zaidi kwangu. Magharibi ya Bom Jesus kiko kilima kiitwacho Kilima Kitakatifu, na juu yake limo gofu la kanisa la Waaugustino. Lilimalizwa mwaka 1602. Serikali ya Ureno ilipoyafunga mashirika ya watawa, likaachwa mwaka 1835. Dari yake ya tao ikaanguka mwaka 1842. Uso wake na nusu ya mnara vikaporomoka mwaka 1931. Imebaki nusu ya mnara, ukuta mwekundu mrefu unaokaribia mita 46, umesimama peke yake katika majani, na chini yake sakafu iliyopangwa mawe ya makaburi.

Katika nyumba ya watawa hao aliletwa mtoto kutoka Mombasa. Jina lake Yusuf bin Hassan. Babake alikuwa mfalme wa Malindi na Mombasa, rafiki wa Wareno, aliyegombana na mkuu wa Ngome, akakimbilia bara, akauawa mwaka 1614 kwa hila yao. Mwanawe, mwenye umri wa miaka 7 hivi, akapelekwa Goa. Waaugustino wakambatiza, wakamwita Dom Jerónimo, wakamsomesha. Alipokua alitumika katika merikebu za Wareno, akaoa kwao, akapewa heshima ya ushujaa, akarudishwa Mombasa kutawala mahali pa babake. Mwaka 1627 akamwandikia Papa barua ya utii. Kwa waliomlea alikuwa matunda mema ya kazi yao.

Kisha, kwa mujibu wa ushahidi uliotolewa baadaye kwa kiapo, alionekana kwenye kaburi la babake akiomba kwa njia ya Kiislamu. Habari zikapelekwa kwa mkuu wa Ngome. Agosti 1631 Yusuf aliingia Ngomeni na watu wake, akamwua mkuu yule, akaitwaa Ngome. Waliokataa kuiacha dini ya Kikristo wakauawa: Wareno, na Waafrika wa pwani pia, wanaume kwa wanawake, watu wasiokuwa na mizinga wala amri. Alizishinda merikebu za Linhares, lakini katika mwaka huo huo wa 1632 akaiacha Mombasa, akawa mtu wa baharini asiye na nchi, akafa Jeddah mnamo mwaka 1638. Juu ya lango la Ngomeni liko mpaka leo jiwe la maandishi, Wareno wakijisifu kwa kuitengeneza ngome na kuiadhibu pwani.

Niliketi juu ya jiwe, chini ya nusu ya mnara, nikamwaza mtoto. Kanisa lilikuwa jipya alipolifikia; chokaa yake ilikuwa nyeupe. Alifundishwa kusoma, kuandika, kupiga mzinga na kupiga magoti. Sina shaka kuwa miongoni mwa walimu wake walikuwamo waliompenda. Lakini katika yote aliyopewa hakupewa ruhusa moja: ruhusa ya kumlilia babake kwa lugha ya babake. Elimu iliyompa kila kitu isipokuwa hicho ilimpa mikono na kumnyima mahali pa kuiweka. Sisemi kuwa alitenda vyema. Damu ya wasio na hatia haioshwi na huzuni ya mwuaji. Nasema kwamba nyumba ile, kwa waliokuwa wakiimba ndani yake, ilikuwa igreja; na kwa mtoto yule, pamoja na kuimba kwake, ilikuwa gereza. Wazee wetu hawakukosea neno.

Niliwaza pia habari yangu. Mimi nami nilisomeshwa ng'ambo, kwa fedha za wageni, kwa lugha ya wageni, na shahada ya udaktari niliipata huko. Babangu alifariki nikiwa masomoni. Niliporudi nilikwenda kaburini kwake, nikasimama nilivyotaka kusimama, nikasema niliyotaka kusema, wala hapakuwa na mpelelezi nyuma ya mti. Tofauti kati ya elimu na kifungo haimo katika umbali wa shule, wala katika rangi ya mwalimu, wala katika lugha ya kitabu. Imo katika jambo hilo dogo: kama msomi akirudi nyumbani aweza kwenda kwa wafu wake bila ya kuomba radhi kwa waliomsomesha.

Katika gofu lile wachimbaji walipata mabaki ya malkia Ketevan wa Georgia, aliyeuawa Shiraz mwaka 1624, ambayo Waaugustino waliyaleta Goa. Na mwaka 2021 watu wa Georgia walikabidhiwa. Wao walikuwa na mfupa wa kudai. Sisi tuna utoto wa mtu mmoja, nao hautiwi sandukuni. Kengele ya mnara ule ilikwisha kuhamishwa zamani. Tangu mwaka 1871 imo katika kanisa jeupe la Panjim, juu ya ngazi zionekanazo mji mzima. Nimeisikia. Yamkini ndiyo iliyomwamsha Yusuf asubuhi, au yamkini si hiyo; lakini sauti yake ni tamu, na haki yataka niseme hivyo.

Wako vijana madarasani kwetu wasemao kwamba majengo ya watawala wa kigeni yaachwe yaanguke, na historia yao ifutwe pamoja nayo. Na wako wengine, aghalabu wenye biashara ya wageni, wayapambao kwa taa na kuyasifu kana kwamba yaliota yenyewe kama uyoga. Naona kuwa wote wawili wanawaachia wajenzi neno la mwisho: wa kwanza kwa kuamini kwamba jengo haliwezi kuwa ila la aliyelijenga, na wa pili kwa kusahau kwamba lilijengwa. Swali la yule mzee wa basini latufaa zaidi. Nimelichukua mpaka nyumbani, na jibu langu ni hili: jengo ni kama neno. Alitamkaye kwanza hulipa sauti. Waishio nalo hulipa maana. Igreja ilitoka kinywa kimoja, ikafika pwani mbili. Watu wa Goa waliingizwa humo bila ya kuulizwa, wakakaa, wakaoa, wakazikana, hata likawa lao. Hakuna awezaye kumwambia mzee yule kuwa mke wake amezikwa katika nyumba ya wageni. Watu wa pwani yetu walisimama nje, wakaona walichokiona, wakakiita kwa jina. Maana zote mbili ni za kweli, wala moja haifuti nyingine.

Ndiyo maana yatupasa kuyatunza majengo haya na kuyasoma, na kuyasoma pamoja na karatasi zake. Ushahidi wa mambo ya 1631 ulikusanywa Goa kuanzia mwaka 1632 ili waliouawa watangazwe kuwa mashahidi wa dini, G. S. P. Freeman-Grenville aliuchapisha kwa Kiingereza mwaka 1980. Ulikusanywa kwa haja ya Waaugustino, si kwa haja yetu. Hata hivyo ndani yake zimo sauti za watu wa Mombasa ambazo hazipatikani kwingine kokote. Mfungaji alifunga mlango, na kwa kuufunga akatuhifadhia kilichokuwa ndani.

Jumatatu hifadhi ya nyaraka ilipofunguliwa niliirudia barua ya Kilwa. Wino wake umefifia kidogo, mistari yake imelala sawasawa. Mwandishi alikuwa akiwaandikia Wareno na marafiki wao mambo ya siasa, mambo ya hatari; na katika hatari ile hakuazima ulimi wa mtu. Aliandika Kiswahili. Karatasi imekaa zaidi ya miaka 300 katika makabati ya dola ya kigeni, na dola yenyewe imekwisha kuondoka. Lakini msomaji wa Mombasa akiishika aisoma kwa sauti, akamwelewa mwenziwe wa Kilwa. Humo hapakuwa na gereza.